Si Kila Bingwa Anafaa Kuwa Baba

Tangazo lenyewe huwa fupi. Picha ya Jamani Shepadi aliyesimama kiubavu, masikio wima, ulimi nje, na chini yake maneno machache: dume safi, ana karatasi, baba yake alitoka Ujerumani, yuko tayari kupandisha. Malipo ni fedha taslimu, au mtoto mmoja ambaye mwenye dume atamchagua kabla ya wengine. Matangazo ya namna hii huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wafugaji wa mbwa kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam, na maswali yanayofuata hayatofautiani sana: bei gani, yuko mtaa gani, watoto wake hutoka weusi au wa kahawia? Ni nadra mtu kuuliza nyonga za dume huyo zilipigwa eksirei lini. Ni nadra zaidi kuuliza baba yake alikufa na ugonjwa gani, akiwa na umri gani.

Hilo la mwisho ndilo lilipaswa kutangulia.

Dume wa mbegu ana uzito ambao jike hana, na sababu ni hesabu tu. Jike hubeba mimba kwa siku 63 hivi, hunyonyesha wiki kadhaa, kisha hukaa miezi kabla ya kuingia joto tena. Hata akiwa mikononi mwa mtu mwenye tamaa, uzao wake una mpaka. Nchini Uingereza, The Kennel Club husajili mizao minne tu ya jike mmoja maishani mwake. Dume hajawekewa mpaka wa aina hiyo. Anaweza kupandisha Kiambu leo na Karen keshokutwa, na mbegu zake zikigandishwa ataendelea kupata watoto miaka mingi baada ya kuzikwa. Kasoro aliyoibeba jike itaingia katika nyumba thelathini, tuseme. Kasoro aliyoibeba dume anayegombaniwa huingia katika mbari nzima.

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa walishalipa ada ya somo hili, na waliilipa ghali. Mwaka 1962 alizaliwa Marekani dume wa Holstein aliyeitwa Pawnee Farm Arlinda Chief. Mabinti zake walitoa maziwa kwa wingi, kwa hiyo kila mtu aliitaka mbegu yake. Alipata mabinti 16,000, wajukuu wa kike 500,000 na vitukuu zaidi ya milioni 2. Baadaye sana watafiti waligundua kwamba Chief alikuwa na hitilafu katika nakala moja ya jeni iitwayo APAF1. Ndama anayeirithi hitilafu hiyo kwa baba na kwa mama hafiki kuzaliwa, mimba hutoka. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalitaja mimba zipatazo 500,000 zilizoharibika duniani kote, na hasara ya dola milioni 420 hivi. Tumtendee haki marehemu: hakuwa dume mbaya, na maziwa aliyoiongezea dunia yalikuwa na thamani kubwa kuliko hasara hiyo mara nyingi. Mambo yaliharibika pale wajukuu na vitukuu wake walipoanza kupandishwa wao kwa wao, maana ng'ombe wasio wa ukoo wake walikuwa wakizidi kuadimika.

Mfugaji wa Githunguri mwenye ng'ombe wawili anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Akinunua mbegu iliyotoka Kabete, au mwenzake wa Arusha akinunua ya kituo cha taifa cha uhimilishaji cha Usa River, anataka kujua mabinti wa dume yule wanatoa lita ngapi, viwele vyao vimekaaje, miguu yao inadumu au haidumu. Sura ya dume mwenyewe haimshughulishi. Mtu huyohuyo, ikifika zamu ya kumpandisha mbwa wake wa ulinzi, humpeleka kwa dume wa jirani kwa sababu ni mkubwa na ana kifua.

Kwa upande wa mbwa, kisa kinachofundisha zaidi ni cha basenji, mbwa wa Kongo. Ni mbwa mdogo wa kuwindia, mwenye masikio ya wima, paji la makunyanzi na mkia uliojisokota juu ya kiuno. Habweki kama mbwa wengine. Hutoa sauti ya kuimbaimba, na wawindaji wa misitu ya kaskazini mashariki mwa Kongo humvisha kengele ya mbao ili wajue yuko wapi kichakani. Jike wake huingia joto mara moja tu kwa mwaka. Waingereza walijaribu kumpeleka kwao mwishoni mwa karne ya 19, mbwa wale wakafa kwa distempa. Katika miaka ya 1930 walifanikiwa, na mwaka 1937 basenji wakaonyeshwa katika maonyesho ya Crufts, London. Kisha wakavuka bahari kwenda Marekani. Kwa nusu karne iliyofuata, karibu basenji wote wa Ulaya na Marekani walitokana na kundi dogo mno la mbwa waliotolewa Afrika.

Katika miaka ya 1960 na 1970 ugonjwa ukajitokeza. Chembe nyekundu za damu zilivunjika kabla ya wakati kwa sababu ya upungufu wa kimeng'enya kimoja, na mbwa walidhoofika na kufa wakiwa bado vijana. Kilipopatikana kipimo cha damu kinachowatambua hata wale wanaobeba hitilafu bila kuugua, wafugaji walifanya jambo ambalo mtu yeyote mwenye nia njema angelifanya. Waliwaondoa katika uzalishaji wagonjwa na wabebaji kwa pamoja. Ugonjwa ulipungua sana. Lakini wabebaji wale walipotoka, walitoka na kila kitu kingine walichokuwa nacho, katika mbari ambayo tangu mwanzo ilikuwa finyu, na katika koo zilizobaki kulikuwa na hitilafu nyingine iliyojificha.

Hitilafu hiyo huleta ugonjwa wa Fanconi. Figo zinashindwa kuirudisha mwilini sukari na virutubisho vingine, vyote vinamwagika na mkojo. Mbwa hunywa maji kupita kiasi, hukojoa mno, hukonda huku akila. Kilichowatesa wafugaji kuliko yote ni umri wa kuugua: mara nyingi dalili huanza mbwa akiwa na miaka minne hadi saba. Kufikia hapo dume bingwa ameshapandisha majike kwa misimu kadhaa, na wanawe nao wana watoto. Kuna wakati madaktari wa Amerika Kaskazini walikadiria kwamba kati ya asilimia 10 na 30 ya basenji wa huko walikuwa na ugonjwa huo. Ukazaliwa utaratibu ambao nyumba nyingi za basenji zinaujua: mara moja kwa mwezi, asubuhi, mwenye mbwa anamnyatia bustanini na kikombe mkononi, anakinga mkojo, anachovya kijikaratasi cha kupimia sukari kama wanavyotumia wagonjwa wa kisukari, kisha anasimama hapo hapo kwenye umande kungoja rangi. Rangi ikigeuka ilhali sukari ya kwenye damu iko sawa, hiyo ni Fanconi mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Kimarekani walisafiri hadi kaskazini mashariki mwa nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire, kwenye ardhi ya Wazande, kutafuta mbwa wa vijijini ambao majina yao hayakuwa yamewahi kuandikwa kwenye daftari lolote. Mwaka 1990, kwa ombi la klabu ya basenji ya Marekani, American Kennel Club ilikubali kulifungua daftari la uzao lililokuwa limefungwa na kuwaingiza zaidi ya kumi kati ya mbwa hao. Baadhi yao walikuwa na rangi ya milia, ambayo leo inakubalika katika maonyesho. Daftari likafunguliwa tena kwa mbwa wengine wa Afrika kuanzia 2009 hadi mwisho wa 2013. Kwa hiyo, madume waliokwenda kuiokoa mbari hii yenye vikombe na mazulia mekundu walikuwa mbwa wa kuwindia wa vijijini, wasio na karatasi hata moja.

Wakati huohuo maabara nayo haikulala. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Missouri kilitoa kipimo cha awali cha Fanconi, na mwaka 2011 kikaja kipimo cha hitilafu yenyewe. Hapo uchaguzi wa dume ukabadilika kabisa. Dume anayebeba nakala moja ya hitilafu, lakini ana moyo mzuri, macho mazuri na damu isiyopatikana kwingine, anaweza kupewa jike asiyebeba kitu. Kwa wastani nusu ya watoto watakuwa wabebaji, na hakuna hata mmoja atakayeugua. Katika kizazi kinachofuata, mfugaji anapima na kuchagua asiyebeba. Hitilafu inapungua polepole na utajiri mwingine wa ukoo unabaki.

Hapa ndipo wafugaji wengi wa leo wanapokosea kwa upande mwingine. Wamepata habari za vipimo vya vinasaba, basi wanataka dume ambaye karatasi yake yote imeandikwa salama. Dume wa namna hiyo ni salama kwa yale yaliyopimwa tu. Kila mbwa amebeba kitu, na vitu vingi havina kipimo hadi leo. Mfugaji makini hutafuta dume ambaye mzigo wake unajulikana na haufanani na mzigo wa jike wake.

Kwa magonjwa yanayochelewa, kuna njia ya zamani inayofanya kazi bila maabara: watazame wazee. Cavalier King Charles Spaniel, mbwa wa mapajani anayependwa sana Uingereza, huugua vali ya moyo kwa kiwango cha kutisha. Madaktari wa moyo waliwashauri wafugaji wake wasimpandishe dume wala jike kabla hajatimiza miaka miwili na nusu, na wazazi wake wawe wamepimwa wakakutwa na moyo safi walipofika miaka mitano. Kanuni nyepesi kuliko hiyo haijapatikana, na inafaa kwa mbari nyingine pia. Wafugaji wa Doberman wangeifuata kwa bidii ingekuwa heri, kwani tafiti za Ulaya zimeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya Doberman hupata ugonjwa wa misuli ya moyo katika maisha yao, na wengi huonekana wazima mpaka siku wanapoanguka. Dume wa miaka minane ambaye bado anaruka ukuta, na ambaye mama yake alifika kumi na mbili, ni hazina. Kwenye matangazo mbwa huyo huitwa mzee na bei yake hushushwa.

Cavalier wenyewe wamefikishwa mahakamani. Huko Norwei kesi ilianzia Oslo, na Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kuendelea kuwazalisha Cavalier wao kwa wao ni kuvunja sheria ya ustawi wa wanyama, kwa sababu ya magonjwa yaliyoenea katika mbari yao. Maana yake ni kwamba jike wa Cavalier nchini humo anaweza kukosa dume anayefaa ndani ya mbari nzima. Mlango wa kumtafuta nje, kwa mpango wa kitaalamu wa kuchanganya damu, umeachwa wazi.

Mlango huo unawaudhi watu. Mwaka 1973 Robert Schaible, mtaalamu wa vinasaba wa Marekani, alimpandisha Dalmatian kwa Pointer mara moja tu, kwa sababu Dalmatian wote walikuwa na hitilafu inayojaza mkojo asidi ya yuriki na kusababisha mawe ya kibofu. Kisha kila kizazi alikirudisha kwa Dalmatian safi. Baada ya vizazi vichache mbwa wake walikuwa na madoa yote yanayotakiwa na mkojo ulio sawa. American Kennel Club iliwasajili wawili mwaka 1981, wanachama wakaja juu, usajili ukasimamishwa, na ni mwaka 2011 tu ndipo uzao huo ulipokubaliwa. Miaka 38 ya ubishi juu ya dume mmoja, na katika muda huo wote Dalmatian waliendelea kupasuliwa vibofu.

Afrika Mashariki mbwa anayetafutwa zaidi ni Jamani Shepadi, na mzigo wake mkubwa ni nyonga. Kichwa cha paja hakikai vizuri katika kikombe chake, kiungo kinalegea, kinasagika, na mbwa wa miaka sita anapanda ngazi kama ajuza. Macho hayatoshi kuliona tatizo hili kwa dume wa mwaka mmoja na nusu anayekimbia vizuri. Lazima alazwe kwa dawa, avutwe miguu ya nyuma ikanyooka sambamba, apigwe eksirei. Taasisi ya Marekani inayoshughulika na mifupa ya mbwa, OFA, iliyoanzishwa 1966, haitoi cheti cha kudumu cha nyonga kabla mbwa hajatimiza miezi 24. Kwa hiyo dume anayetangazwa akiwa na miezi kumi, hata awe na baba gani, hajulikani bado.

Kuhusu huyo baba aliyetoka Ujerumani, jambo la kuchekesha ni kwamba jibu mara nyingi liko kwenye karatasi zake mwenyewe. Chama cha Kijerumani cha mbari hii, SV, kilichoanzishwa mwaka 1899 na Max von Stephanitz, huwataka mbwa wa kuzalisha wapigwe eksirei, na matokeo ya nyonga huandikwa kwenye cheti cha nasaba kwa ngazi: iliyo sawa, iliyo karibu sawa, na ile ya mwisho inayoruhusiwa kwa shida. Watu hulipa maelfu ya shilingi kwa ajili ya karatasi hizo, huziwekea plastiki na kuzipiga picha, na hawazisomi. Na hata zikisomwa, alama ya babu haimwondolei mjukuu wa Kitengela au Mbezi haja ya kupimwa mwenyewe.

Von Stephanitz alifahamu jambo jingine linalosahaulika. Mwaka 1925, akiona mbwa wa mbari yake wanazidi kuwa warefu wa miguu na wa umbo la sanduku, alimpa ubingwa dume aliyeitwa Klodo vom Boxberg, mfupi kuliko waliokuwa wakipendwa na mrefu wa kiwiliwili. Alimchagua kwa ajili ya kasoro ambazo majike wa wakati ule walikuwa nazo. Dume mzuri huwa mzuri kwa jike fulani. Aliyeliondoa tatizo la jike wa Kiambu anaweza kulizidisha la jike wa Machakos. Kwa kejeli ya historia, Klodo alipendwa kupita kiasi, akauzwa Marekani, na damu yake ikaenea mno pande zote mbili za bahari.

Kipo kigezo ambacho Afrika Mashariki imekikuza peke yake: ukali. Mteja anataka dume anayerarua lango mgeni akipita, naye muuzaji anampa. Mbwa anayefungwa mnyororo mchana kutwa chini ya mwembe na kufunguliwa usiku atakuwa mkali hata akiwa na roho ya kuku, kwa hiyo kelele zake hazielezi chochote kuhusu atakachowarithisha watoto. Mwenye macho hufika bila taarifa, hukaa, hunywa chai. Anamtazama dume sufuria inapoanguka jikoni: je, anaruka, anatetemeka, anakimbilia nyuma ya tangi, au anageuza masikio, anakwenda kunusa na kurudi? Anamtazama mtoto wa nyumba anapompita na mkate. Woga hurithiwa kwa kiasi kikubwa, na mbwa mwoga mwenye kilo 40 ndiye anayeng'ata watoto wa majirani. Wanaofuga mbwa wa kazi wanalijua hili. Mbwa wanaonusa pembe za ndovu katika bandari na viwanja vya ndege vya eneo letu huteuliwa kwa utulivu na hamu ya kutafuta, na wengi wao wangeonekana wapole mno kwa mnunuzi wa mbwa wa geti.

Halafu kuna magonjwa ya kupandana, ambayo katika matangazo hayatajwi hata kidogo. Mbwa wakishapandana hukwama pamoja, dakika kumi hadi nusu saa, na katika kugusana huko hupita mambo. Linaloonekana sana kliniki zetu ni ule uvimbe wa sehemu za siri unaotoka damu kidogo kidogo. Ni saratani ya ajabu: seli zenyewe huhama kutoka mbwa mmoja na kuota kwa mwingine, na wanasayansi wanasema zote zimetokana na mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita. Hutibika kwa sindano za vinkristini, lakini dume aliye nayo anaweza kuigawa kwa majike kadhaa kabla haijagunduliwa. Lingine ni brusela ya mbwa. Jike hutupa mimba ikiwa imekaribia kukomaa, dume huvimba korodani kisha mbegu hukauka, na binadamu anayewahudumia anaweza kuambukizwa. Damu ya wote wawili ipimwe kabla, pamoja na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa kuonyeshwa mezani. Mwenye dume anayemkubali jike wa yeyote bila kudai kipimo anamtangazia mteja kwamba amewakubali na wengine vivyo hivyo.

Tatizo kubwa la ukanda huu, hata hivyo, ni uchache. Jamani Shepadi, Rotwaila, Boabuli na Ridgeback waliopo Nairobi, Arusha au Kampala wengi wametokana na mbwa wachache walioletwa na wakoloni, maofisa wa balozi, vikosi vya polisi na wafanyabiashara. Makazi mawili ya mbali yanaweza kuwa na mbwa wa babu mmoja bila wenyewe kujua. Wakipandishwa watoto wa baba mmoja na mama tofauti, watoto wao hupata kiwango cha undugu cha asilimia 12.5, ndugu wa tumbo moja, asilimia 25. Hata Uingereza yenye maelfu ya mbwa haikunusurika. Utafiti wa mwaka 2008 uliopitia kumbukumbu za The Kennel Club kwa mbari 10 ulikuta kwamba mbari nyingi, licha ya wingi wa mbwa wake, zilikuwa na upana wa uzao unaolingana na mbwa 40 hadi 80 tu. Mwaka uliofuata klabu hiyo ikaacha kusajili watoto wa baba na binti, mama na mwana, au kaka na dada. Kwamba ilifika 2009 ndipo wakaacha ni jambo la kustaajabisha.

Na huku nje ya lango analala mbwa wa kienyeji, anayefukuzwa kwa mawe. Mwaka 2009 watafiti walichapisha uchunguzi wa mbwa 318 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia, wakakuta kwao utofauti mkubwa wa vinasaba. Basenji alikaa karibu na mbwa hao wa asili, ilhali Ridgeback, anayejivuniwa kuwa mbwa wa Afrika, alionekana kuwa na asili ya nje ya bara kwa sehemu kubwa. Mbwa wa kijijini amepita katika mchujo ambao hakuna jaji wa maonyesho anayeweza kuuendesha: kupe, njaa, jua, na kuzaa bila daktari. Mtu anayetaka tu mlinzi wa nyumba, asiyekusudia kuuza watoto wenye karatasi, hana sababu ya kulipia dume wa kizungu mwenye nyonga za mashaka, wakati mtaani kuna dume wa kienyeji mwenye miaka tisa, meno kamili na mwendo mwepesi. Achanjwe, apimwe damu, apewe nafasi. Wenye mbari watakunja uso, lakini ndiyo kazi iliyofanyika kwa basenji, na ilipigiwa makofi kwa kuwa ilifanywa na Wamarekani.

Kwa wale wanaobaki na mbari zao, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, limetoa pendekezo la jumla: dume mmoja asiwe na watoto zaidi ya asilimia 5 ya watoto wote wa mbari yake wanaosajiliwa katika kipindi cha miaka mitano. Ihamishie hesabu hiyo kwetu. Tuseme mbari fulani inasajili watoto 200 katika muda huo. Asilimia 5 ni watoto 10. Jike wa Jamani Shepadi anaweza kuzaa wanane kwa mara moja, basi dume anamaliza haki yake kwa uzao mmoja na robo. Hakuna mwenye dume atakayelikubali hilo, na kwa nchi moja pekee pengine haliwezekani. Linawezekana zaidi iwapo wafugaji wa Nairobi, wenye Klabu ya Mbwa ya Afrika Mashariki inayosajili na kuendesha maonyesho, wataazimana madume na wenzao wa Tanzania na Uganda badala ya kila mmoja kuagiza Ulaya mtoto wa bingwa yuleyule.

Kabla ya klabu kukubaliana, mwenye dume anaweza kuanza na daftari la shule la kurasa 96. Tarehe, jina la jike, vipimo vyake, watoto waliozaliwa hai, waliokufa, aliyechechemea, aliyepata kifafa, namba ya simu ya kila aliyemchukua mtoto. Daftari la namna hiyo likifunguliwa mezani, mwenye jike apige simu tatu nne kwa wenye watoto wa miaka minne na kuendelea, aulize wanatembeaje. Kama halipo, amrudishe jike wake nyumbani. Joto lijalo litakuja baada ya miezi sita hivi, na muda huo unatosha kumtafuta dume mwingine na kumpeleka eksirei.